Kesi ni yako, barua pepe ni ya nani?

Wiki tatu zilizopita nilikuwa katika saiba moja karibu na mahakama, nimekwenda kutoa nakala ya kitambulisho. Mbele yangu alikuwako mama mmoja wa makamo, amekumbatia bahasha ya kaki iliyochakaa. Kijana wa saiba alikuwa akizipiga skani karatasi zake moja moja, na kila akiigeuza moja anasoma kwa sauti kichwa chake ili ajue aipe jina gani kwenye kompyuta. Tulikuwa watu sita kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshajua kwamba mama yule anadai masurufu ya watoto, kwamba ameachwa talaka ya pili, na mume amejibu nini juu ya tabia yake. Sikuuliza, wala hakuna aliyeuliza. Tulisikia tu, tukajifanya tunaangalia simu zetu.

Alipomaliza kulipa akamwambia yule kijana: "Karani, mwanangu, kesi yangu itaitwa lini?"

"Sijafungua imeli leo, mama. Mtandao unasumbua. Nipitie Jumatatu."

Alimwita karani. Kijana hakukataa, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Yeye ana kompyuta mbili, printa moja na kodi ya kulipa mwisho wa mwezi. Lakini neno lile lilinikaa kichwani, kwa sababu katika hali ilivyo mama hakukosea sana. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kesi yake ni ya kijana. Barua pepe ni ya saiba. Neno la siri analo kijana. Mahakama ikitaka kumwambia jambo mama yule, inamwambia kijana.

Tuanze na namna tulivyofika hapa, maana wengine tunaonana na mahakama mara moja katika maisha, na Mungu akitupenda hata hiyo moja hatuioni.

Machi 2020, korona ilipoingia nchini, mahakama zilipunguza kazi na milango karibu yote ikafungwa. Mwaka huohuo zilitoka kanuni za kuendesha kesi kwa njia ya elektroniki, na tarehe 1 Julai 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akazindua mfumo wa kuwasilisha hati kwa mtandao katika mahakama za Nairobi. Baadaye ukaanza kushuka kituo kwa kituo, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua kwa nchi nzima. Sasa mtu anayefungua kesi hapeleki tena rundo la karatasi dirishani. Anajiandikisha kwenye ukurasa wa Idara ya Mahakama kwa namba ya kitambulisho, simu na barua pepe. Anachagua mahakama na aina ya kesi. Anapakia hati zake zikiwa PDF. Mfumo unamwambia ada ni kiasi gani. Analipa kwa simu. Namba ya kesi inatoka. Mabadiliko ya mwaka 2020 katika kanuni za kesi za madai yaliruhusu hata samansi ipelekwe kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, yaani WhatsApp. Siku za kumfukuza mtu na samansi mpaka bandarini, akikuona aruke ndani ya mashua, zinaelekea ukingoni.

Mimi si mpinzani wa mambo haya. Atakayesoma makala hii akadhani nalilia karatasi, hajui karatasi zilinifanya nini.

Marehemu baba alipofariki aliacha nyumba moja ya udongo na mawe, shamba la minazi, na warathi kumi na mmoja wa matumbo matatu. Tulikwenda mahakamani kwa sababu mmoja wetu alikuwa ameanza kuuza minazi bila kuwaambia wenzake. Mahakama siitaji. Mwaka wa kwanza kesi ilikwenda vizuri. Mwaka wa pili tulifika siku ya kusikizwa, karani akaingia ndani, akakaa nusu saa, akatoka akasema: faili halionekani. Tukapewa tarehe nyingine. Siku hiyo nayo faili halikuonekana. Tulikwenda hivyo mara saba. Mara saba, kila mara na nauli ya watu watano, na shangazi mmoja mwenye kisukari ambaye akishuka kwenye matatu anahitaji kuketi kwanza kabla hajatembea. Mara ya nane ndugu yangu akaenda peke yake jioni na bahasha ndogo, na kesho yake asubuhi faili likaonekana. Lilikuwa kwenye rafu ileile ya siku zote, herufi ileile. Ndani yake ilikuwa haimo barua ya makubaliano aliyotia sahihi yule muuza minazi.

Kila familia ya Pwani iliyowahi kuwa na kesi ya ardhi au ya mirathi ina hadithi ya namna hii. Kwa hivyo napoambiwa kwamba hati ikishapakiwa inabaki mle, inaonyesha siku na saa iliyoingia, na wala karani, wakili au shemeji hawezi kuichomoa usiku, nasema alhamdulillah. Malipo nayo yana namba ya M-Pesa, huambiwi tena kwamba risiti ni ya kughushi. Orodha ya kesi za siku inawekwa mtandaoni, mtu anaiangalia akiwa nyumbani kabla ya kuchoma nauli.

Na kuna umbali. Wasioishi visiwani hawajui umbali. Mtu wa Kizingitini au Siyu akiwa na shauri la Mahakama Kuu, hupanda boti mpaka Amu, kutoka Amu avuke mpaka Mokowe, kisha apande basi kwenda Garsen, na likiwa ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi aendelee mpaka Malindi. Maji yakiwa makavu boti haitoki, na kusi ikivuma haitoki pia. Atalala njiani kwenda, atalala njiani kurudi, kwa ajili ya kusimama mbele ya jaji dakika nne na kuambiwa wakili wa upande wa pili anaumwa. Mtu huyo akiweza kupeleka hati zake kwa simu akiwa kizingani mwake, na akahudhuria kutajwa kwa kesi kwa video, ameokolewa siku tatu na fedha za mwezi. Hilo si jambo dogo na nisingependa mtu yeyote alirudishe nyuma.

Shida yangu iko mahali pengine. Karatasi ilipoondoka dirishani, kuna kazi iliyoondoka nayo ambayo hakuna aliyeitaja siku ya uzinduzi.

Wanaokumbuka mahakama zetu za Kadhi watanielewa upesi. Mwanamke alikuwa akifika asubuhi, hana wakili, pengine hajui kuandika. Anaketi kwenye benchi. Karani anamwita, anamuuliza nini kimetokea, naye anaeleza kwa Kiswahili, kwa mpangilio wake mwenyewe, akianza na mambo ya mavyaa kabla ya kufika kwenye masurufu. Karani anasikiliza, anauliza, anaandika madai. Ile hati ya madai ilikuwa imezaliwa pale kwenye meza, katika mazungumzo ya watu wawili, na mmoja wao ni mtumishi wa mahakama aliyekula kiapo. Mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, alizifuatilia mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi akaandika kitabu kilichotoka 1998. Alichokiona kiliwashangaza wengi huko ng'ambo: wanaopeleka malalamiko kwa Kadhi wengi ni wanawake, na mara nyingi ndio wanaofaulu. Sisi hatukushangaa. Mama zetu waliijua njia ya kwenda kwa Kadhi. Waliijua kwa sababu ilikuwa njia ya kutembea kwa miguu na kusema kwa mdomo.

Sasa mama yuleyule akifika anaambiwa: nenda kwenye mtandao. Hajui mtandao uko wapi, lakini anajua saiba iko wapi, ng'ambo ya barabara. Kule anamkuta kijana ambaye hakula kiapo, hajui tofauti ya masurufu na kitoka nyumba, na ana wateja wengine kumi wanaotaka kujaza fomu za KRA. Anamwandikia madai kwa kunakili madai ya mteja wa wiki iliyopita na kubadilisha majina. Nimeyaona hayo kwa macho yangu: hati iliyodai watoto watatu kwa mama mwenye watoto wawili, kwa sababu wa wiki iliyopita alikuwa nao watatu.

Kosa kama hilo hakimu au Kadhi ataliona siku ya kusikizwa na litarekebishwa. Lisilorekebishika kirahisi ni la barua pepe. Akaunti ikifunguliwa kwa simu na imeli ya saiba, taarifa zote za kesi zinakwenda kule: tarehe ya kutajwa, majibu ya upande wa pili, amri ya kupeleka ushahidi kabla ya siku fulani, kiunganishi cha kikao cha video. Kijana akihama, au akigombana na mwenye duka, au simu ikiibwa, kesi imekuwa yatima. Mahakama kwa upande wake haina kosa. Rekodi zinaonyesha kwamba mdai amearifiwa kwa anwani aliyoitoa mwenyewe. Asipofika, hakimu anaweza kulitupa shauri kwa kutohudhuria. Zamani faili lilipotea na mwenye kesi akabaki na haki ya kulalamika, watu wakamuonea huruma. Sasa faili lipo, safi kabisa, limekamilika, na ndani yake mna ushahidi kwamba kosa ni lake.

Na kijana akiwa mkorofi? Sisemi wote, wengi wao ni watoto wetu wanaojitafutia riziki ya halali. Lakini fikiria mtu aliyeshika kesi za mtaa mzima katika simu moja. Anajua nani anamdai nani, nani ameachwa, shamba la nani halina hati, nani amekubali nini faraghani. Mume akimwendea na elfu mbili amwonyeshe mke amepakia nini kabla ya kumfikia rasmi, nani atajua? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kwa maandishi yake inamlinda yule mama. Natamani kukutana na mama mmoja wa mtaa wetu aliyewahi kuambiwa hivyo.

Kwetu sisi jambo la nyumbani lina sitara yake. Ndiyo maana kesi za ndoa watu wanazipeleka kwa Kadhi wakiwa wamejifunika na wanaketi mbali na wenye kesi nyingine. Kumlazimisha mtu ayaseme hayo mbele ya foleni ya saiba, akisubiriwa na mwenye kutaka kuchapisha tiketi ya treni, ni kumwambia achague baina ya haki yake na heshima yake. Najua wanawake wawili ambao wamechagua heshima. Hawakwenda tena. Hao hawatahesabiwa mahali popote, kwa sababu mfumo unahesabu kesi zilizofunguliwa.

Tena mzunguko wenyewe una kichekesho. Tunaambiwa hakuna karatasi. Lakini hati ya kiapo ni lazima mtu aape na kutia sahihi mbele ya kamishna wa viapo, naye agonge muhuri wake. Kwa hivyo mama anaandikiwa kwenye kompyuta, inachapishwa, analipa. Anaipeleka kwa wakili mwenye muhuri, analipa. Anairudisha saiba ipigwe skani, analipa. Inapakiwa, analipa. Ada ya mahakama iko palepale. Karatasi haijaondoka, imehamishiwa upande wa mwananchi pamoja na gharama yake. Hata wino ulikuwa wa serikali, sasa ni wake.

Kuna la lugha pia, nalo nitalisema kwa kifupi kwa kuwa tumelilia sana humu mpaka watu wamechoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 198, inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mtu ana haki ya kusimama mbele ya hakimu wa Mpeketoni au Kwale na kuzungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mlango wa kufikia kwa hakimu huyo, ule ukurasa wa mtandao, umeandikwa Kiingereza, tena cha kisheria. Watu wa simu za mkononi na wa benki wameweza kuweka Kiswahili kwenye menyu zao miaka mingi iliyopita kwa sababu wanataka fedha zetu.

Nikiyasema haya baadhi ya mawakili marafiki zangu hunicheka. Mmoja aliniambia wiki iliyopita: "Wewe unaangalia mama mmoja. Mimi nafungua kesi tano kabla ya chai bila kutoka ofisini." Ni kweli, na si uongo kwamba akitumia muda mfupi anaweza kutoza nafuu, ingawa bado sijapata wa kunitoza nafuu. Wao pia hawakosi malalamiko. Mfumo ukilala siku ya mwisho ya kuwasilisha rufaa, wakili hukesha akibonyeza kitufe mpaka saa sita usiku. Lakini wakili anajua kuomba muda uongezwe. Anajua Katiba, kifungu cha 159, inayotaka haki itolewe bila kung'ang'ania mno ufundi wa taratibu. Yule mama hajui kwamba kuna kifungu kama hicho, na mtu aliyepaswa kumwambia yuko nyuma ya dirisha lililoandikwa "huduma zote ni mtandaoni".

Karani mmoja, mtu wangu wa karibu, alinijibu kwa namna nyingine, na jibu lake limenifikirisha zaidi. Alisema kwamba wao ni wachache mno, kwamba wakianza kumsaidia kila mtu kupakia hati hawatafanya kazi nyingine, na kwamba wakubwa wanapimwa kwa idadi ya kesi zilizoamuliwa, si kwa idadi ya akina mama waliosikilizwa. "Saiba zinatuokoa," alisema. Nikamwambia zinawaokoa nyinyi. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Na hata ikiwa ni hivyo, yakhe, nifanyeje?"

Hapo ndipo nimekumbuka jambo la zamani, na naomba msomaji anivumilie kidogo, si mbali na mada.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi iliyouhusu ukanda wetu huu wa Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili wa hati, kwa maandishi, katika muda uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Sheria yenyewe ukiisoma haikumnyang'anya mtu kitu. Ilimwambia tu ajaze fomu. Waliokuwa mjini, waliojua mlango wa ofisi, wenye hati za Kiarabu na jamaa wa kuwasomea, waliandikisha. Wamijikenda walio wengi, na wenzetu wengi wa vijijini waliokuwa wakilima pale tangu babu na babu, hawakuandikisha, ama kwa kutojua, ama kwa kutoelewa ni kwa nini mtu apeleke dai la shamba alilozaliwa ndani yake. Wajukuu wao leo tunawaita maskwota. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mashauri hayo ndiyo yamejaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, ya Malindi na ya Kwale.

Silinganishi Idara ya Mahakama na wakoloni, hasha. Maraga na Koome walitaka kutupunguzia adha, na wametupunguzia. Nasema tu kwamba Pwani hii tumeshaonyeshwa mara moja kwamba utaratibu mpya wa kuandikisha, ukiwa umenyooka kwa wanaoujua, unaweza kumuacha nje mwenye haki bila mtu yeyote kumfukuza. Na aliyeachwa nje huonekana mzembe.

Kinachotakiwa si kigumu. Kila kituo cha mahakama, na cha Kadhi kabla ya vingine, kiwe na meza moja ya mtumishi wa mahakama mwenye skana, anayemsaidia asiye na wakili kufungua akaunti kwa simu yake mwenyewe, bila malipo, na katika chumba chenye mlango. Asiye na barua pepe apewe taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili, hata kwenye kale kasimu ka tochi. Na mfumo umkatae mtu mmoja anayefungua kesi hamsini za watu tofauti kwa namba yake moja bila kuwa wakili. Kompyuta inayoweza kuhesabu ada yangu mpaka shilingi ya mwisho haishindwi na hilo. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuamua ndani ya siku sitini, ilianzishwa ili mtu wa kawaida asimame mwenyewe. Siku sitini ni chache. Ukipoteza wiki mbili ukimngoja kijana wa saiba, umepoteza karibu robo yake.

Mpaka hayo yafanyike, wewe unayesoma hapa na una mzee au shangazi mwenye kesi, keti naye jioni moja. Angalieni kesi imefunguliwa kwa namba ya nani. Ikiwa ni ya saiba, nendeni masjala mwombe ibadilishwe, na msikubali kuambiwa haiwezekani. Mfungulie barua pepe yake mwenyewe, neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani. Namba ya kesi na ujumbe wa malipo msivifute. Karatasi asili zirudi nyumbani siku ileile, zisilale dukani. Na orodha ya kesi iangaliwe kila Ijumaa, ni ya bure.

Jumatatu nilirudi kwenye ile saiba. Nilikuwa na kisingizio cha nakala nyingine. Mama alikuwapo, ameketi kwenye ngazi, kijana hajafungua. Tulizungumza, nikamwambia ninayoyajua, akaniangalia kama mtu anayepima kama huyu kaka ana maslahi gani. Mwisho tukavuka barabara pamoja. Dirishani tuliambiwa mara mbili twende mtandaoni. Mara ya tatu alitoka karani wa kike, akamsikiliza, akatafuta kwa namba ya kitambulisho. Kesi ilikuwa imetajwa siku kumi na mbili nyuma. Mume alifika, yeye hakufika. Bahati yake Kadhi hakuitupa, aliiahirisha.

Karani akamuuliza namba yake ya simu. Mama hakuikumbuka kwa moyo. Alifungua pindo la leso, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, akamsomea tarakimu moja baada ya nyingine, na yule karani akaziandika.